Kakakuona wa Babu yake Zuhura

Jumatano, Mtoni

Nusura nimfokee Zuhura leo, mtoto wa watu.

Darasa langu la tano linatengeneza ukurasa wa intaneti kuhusu wanyama wanaokaribia kutoweka. Kikundi cha Zuhura kina kakakuona. Wiki iliyopita alimpigia babu yake kijijini, akaandika alichosimuliwa: kakakuona alionekana, wazee wakamwekea maji, unga na kisu, watazame atagusa nini, maana ndivyo wanavyoutabiri mwaka. Akagusa maji. Watu wakashangilia mvua, wakamrudisha porini. Zuhura akataja kijiji, akataja hadi kilima alikorudishwa. Aya tamu kuliko zote. Nilisharinga nayo kwa mwalimu mkuu.

Leo nafungua ukurasa, kijiji hakipo, kilima hakipo.

"Nani amefuta?"

"Mie, madam."

"Na mwalimu mkuu anakuja kuangalia kesho! Kwa nini lakini?"

Akashika ncha ya ushungi wake. "Kwani wanaouza magamba yake hawana intaneti?"

Na mie nilikuwa nawaza kupongezwa tu.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba ukurasa ulikaa wazi tangu Ijumaa, na sijui nani kausoma. Ila kabla ya kengele ya kutoka tulimpigia babu kwa simu yangu. Anasema jana tu kaona vichuguu vimefukuliwa upya, kakakuona katafuta mchwa. Moyo ukatulia kidogo.

Kesho mwalimu mkuu atakuta sentensi ya Zuhura pale palipokuwa na jina la kijiji: "Kakakuona wetu yupo. Hatusemi wapi."