Ndoo ya Udongo Mlangoni

Ilford, London

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kwa mapenzi. Sisi wazima, babu yako goti linamuuma, lakini msikitini haachi kwenda. Unataka kuhama nyumba huko Kanada kwa sababu mwenzako wa nyumba kaleta mbwa, unaniuliza mimi niliwezaje kuishi nao.

Tulipofika London baada ya mapinduzi, kila mlango tuliobisha ulifungwa. Aliyetupa chumba ni Bi Margaret, mjane wa Kizungu. Nyumba yake ilijaa mbwa kumi na mmoja, majitu yaliyokuwa yakivuta mizigo juu ya theluji, yakazeeka, yakatupwa, yeye akayaokota. Babu yako akasema tuondoke. Nikamwambia, "Mimi siondoki."

Nikaweka ndoo ya udongo mlangoni, maana penye mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Bi Margaret alinikuta nachimba bustanini kwake. Nilipomweleza hakucheka. Alichora mstari wa chaki mbele ya chumba chetu, akawafundisha mbwa wote wasiuvuke. Hawakuuvuka.

Kisha mmoja akapofuka. Asubuhi moja nimesujudu, nikahisi pumzi moto sikioni. Kaja kwa kupapasa, kalaza kichwa kwenye mswala wangu, anatetemeka.

Mswala niliuosha mara saba, nikasali upya. Mbwa nilimwacha alale.

Basi usinambie kijibwa kimoja kinakuhamisha. Hata Kanada udongo upo.

Bibi yako,
Zuwena