Kondoo Hawakupika Soya

Tororo, 9 Machi 1954

Mdogo wangu Zulaika,

Salamu nyingi. Huku mvua imeanza na mama anakula vizuri.

Barua yako imenichoma. Eti mumeo Hamuza amekupungia makala yangu gazetini akisema, "Kaka yako msomi ameandika mwenyewe: soya inaua kizazi! Miaka minne bila mtoto, unanipikia nini? Rudi kwenu!"

Niliandika hivyo kwa hasira, kwa kuwa bwana shamba alitulazimisha kupanda soya. Lakini utafiti niliousoma ulihusu kondoo wa Australia. Walilishwa jani la jamii ya kunde, hilo tu, miezi mingi. Lina kemikali inayojifanya homoni ya kike, ikawavurugia mimba. Soya nayo ina kemikali ya namna hiyo, ila sikusoma popote kwamba sahani yake imemnyima mwanamke mtoto. Nililijua hilo nikalificha, maana lingepunguza makali ya makala.

Usifunge mizigo. Ijumaa nitakuja Busia niseme mbele ya Hamuza na wazee wake kwamba nilidanganya. Wanicheke wakitaka. Wakishamaliza, nitawauliza kama yeye Hamuza amewahi kupimwa.

Kaka yako,
Swaliki