Sweta ya Dada Kemilembe

Koku,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Chonyonyo tu wazima, ila babu yako anakohoa kwa makusudi ili apikiwe uji.

Unauliza kwa nini sweta ya mumeo inabana wakati ulimpima vizuri. Ulimpima lini, we mtoto? Kabla ya harusi!

Hata mimi niliwahi kuwa mjinga hivyo. Mke wa mmisionari alinifundisha kufuma, nikamfumia dada yangu Kemilembe sweta nyepesi ya sufu avae siku ya kuolewa. Nikajigamba kwamba wakwe wakiiona watatuheshimu. Nilimpima kwanza, ndipo akawekwa ndani miezi miwili anyweshwe maziwa anenepe, kama desturi yetu. Vibuyu vya maziwa vilipita mbele ya macho yangu kila siku, nami nafuma tu!

Siku ya harusi vifungo viliruka mbele ya wakwe. Nikalia kwa aibu. Mama mkwe akaokota kimoja, akapiga vigelegele: "Jamani, nyumba hii inalisha!" Dada akacheka mpaka cha mwisho nacho kikaruka.

Basi fumua hiyo sweta, acha uvivu. Mpime upya, tena akiwa ameshiba.

Bibi yako