Mama Anamalizia Maneno Yangu

Durham, Jumapili

Kwa kaka yangu Desmond,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hamjambo huko Wellington, wewe, Lorna na wale mapacha watundu? Goti lako limepona? Mimi mzima wa mwili, mengine utayasoma. Najua ungependa nipige simu, lakini ningelia tu, nawe ungeanza kunibembeleza, tusifike popote.

Mama bado yuko kwenye makao ya wazee alikopelekwa alipotoka hospitali. Tangu apate kiharusi hajaweza kusema hata kwamba anataka chai. Ila Bronwen, yule binti mcheshi anayemfundisha kusema upya, aliniambia nianze maneno yaliyozoea kwenda pamoja, kisha nimwachie amalizie. Nikasema mkate na, Mama akadakia siagi! Desmond, niliruka kitini kama mwendawazimu.

Basi nikamletea neno lake mwenyewe. Unakumbuka alipokuwa akitunga kamusi ya wageni wanaojifunza Kiingereza, alivyoiteka meza ya jikoni akitafuta maneno yanayopenda kukaa na neno home? Sisi tukila chakula magotini, Baba akilalamika kwamba ameoa kamusi. Neno moja, maana tele: nyumba unamolala, nchi uliyozaliwa, makao kama haya, hata uwanja wa timu yenu. Nikianza makao ya, anasema wazee. Mechi ya, nyumbani. Kukumbuka, nyumbani. Kurudi, nyumbani. Hakosei hata kidogo! Maureen wa jirani akanitania kwamba mimi ndiye nipimwe akili, Mama aachwe.

Nikaamini ananiambia anataka kurudi. Nikamng'ang'ania Daktari Pritchard wa pale makaoni, nikamwambia Mama ana akili zake timamu na niko tayari kuacha kazi nimtunze. Akakubali kumpima, akifaulu, ningeondoka naye. Nikafua mashuka yake, nikapasha joto chumba chake, nikanunua jemu ya machungwa anayoipenda.

Daktari akamwekea mezani kikombe, ufunguo na kitana, akamwomba aguse kitana. Mama akatabasamu. Akamwomba tena, polepole. Mama akamtazama mdomo tu. Daktari akamuuliza huyu aliyeketi kando yake ni nani. Nikamkazia macho, namwomba moyoni, Mama nitaje, hata kwa jina la paka. Kwa kiherehere changu nikadakia, nikaanza lile neno kurudi, naye akamalizia nyumbani, kwa sauti safi kabisa. Daktari akanieleza kwa upole kwamba ulimi umezoea njia zile kwa miaka mingi, sasa unapita wenyewe. Nikamjibu vibaya, sitaandika nilivyosema.

Bronwen alinionya mapema nisije nikadhani tunazungumza. Nilimsikia, nikajitia hamnazo. Sisi wa nyumba ile tumelelewa tukiamini kwamba maneno yakikaa sawasawa, basi maana imo ndani. Kwa hiyo Mama harudi, Desmond. Nimekubali abaki huko.

Sasa lile uliloniomba. Ulitaka nimwambie unampenda, nikuletee jibu lake. Jana nilimshika mikono, nikamwambia Desmond anakupenda, Mama. Akanitazama mdomo tu. Nikashindwa kuvumilia. Nikaanza yale aliyokuwa akituambia akituzimia taa: nakupenda sana. Akamalizia: mwanangu.

Ningeweza kukuandikia kwamba Mama amesema anakupenda, wala usingejua. Roho imekataa. Nilianza mimi, kaka, naye akajibu kama anavyojibu yote. Nikaanza tena, na tena, na kila mara akasema mwanangu, nami nikambusu nikilia, maana nilikuwa nalihitaji neno hilo hata likiwa tupu. Wakati wa kuondoka nilisimama mlangoni nisianze neno lolote. Nikangoja. Alinitazama mdomo, akangoja pia.

Wabusu mapacha kwa niaba yangu, na Lorna mwambie skafu imefika. Wewe njoo, Desmond, hata kama hatakutambua. Nimechoka kumtazama peke yangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hilary