Mhuri Nimesafiri Nao

Mwanangu Nobuhiko,

Mimi ni mzima, na miguu unayoilalamikia inapanda ngazi za meli hii mara tatu kwa siku. Chakula ni kizuri, ila supu ya miso wanaitia maji mno.

Nimepata rafiki, Chizuru, kinyozi mstaafu wa Naha. Siku ya kwanza alikaa mezani kwangu bila kuombwa, akaniuliza, "Dada, nani aliyekukata nywele hizo, adui yako?" Tangu hapo hatukuachana. Alinikata upya, fupi kama za mwanajeshi. Utazizoea.

Jana alishuka kwao Naha. Nilimrushia utepe wa karatasi kutoka juu, akaidaka ncha yake pale gatini, tukaushikilia mpaka meli ikaondoka na utepe ukakatika. Nililia, sikatai. Yeye alijifunga kipande chake mkononi, akapaza sauti watu wote wakasikia: "Fumie, ukikubali kupelekwa huko, nitakuja kukunyoa kipara."

Nilikuwa nimemweleza kila kitu: zile fomu za makao ya wazee ulizoniachia, na nyumba yangu uliyokwisha kuitafutia mnunuzi.

Mwambie mkeo aache kupekua makabati yangu. Mhuri wa jina langu, ule wa kutilia sahihi, nimeuning'iniza shingoni, na bila alama yake hakuna karatasi yenu itakayopita.

Mwezi wa nne Chizuru anakuja kukaa nami. Nimempa chumba chako.

Mama yako, mwenye nyumba,
Fumie