Ng'ombe Ndani ya Neno

Jumatatu, 2 Septemba
Nimekamua, nimeoga, nimekimbia shuleni. Bado nanuka zizi. Kidato cha tatu wamekutana na neno la Kiingereza, peculiar. Nikawaeleza: kitu cha ajabu, au kitu kilicho cha mtu mmoja tu. Wakauliza limetoka wapi. Mwalimu sijui. Nimeahidi kutafuta. Najitakia kazi.

Jumanne, 3 Septemba
Wakwe wanatoka Mugumu Jumamosi kukagua ng'ombe wa mahari ya kaka yangu Marwa. Baba amewataja wa kutoa. Na Nyange yumo. Nyange wangu! Mama yake alipokufa, baba alinikabidhi, akasema nimlee. Nimemnywesha kwa chupa, leo ana mimba. Lakini kusema ni wangu, baba hajawahi. Sijala.

Jumatano, 4 Septemba
Nimelipata! Kwa Kilatini ni peculium: mali ambayo baba wa Kirumi alimwachia mtoto wake aishike kama yake. Nalo limetoka kwenye pecu, mifugo. Ndani ya neno kuna ng'ombe! Darasa limepiga makofi. Hawa watoto wa Kikurya Kilatini kimewaingia kuliko Kiingereza.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimemsomea baba habari ya neno hilo. Akauliza swali moja: huyo Mrumi akimtaka ng'ombe wake? Nikasema ukweli. Anamchukua. Kisheria ni wa baba. Amecheka mpaka kofia ikaanguka. Nimejifunga kamba mwenyewe. Nina hasira.

Jumamosi, 7 Septemba
Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa wimbi, masikio yote zizini. Wakwe wakampapasa Nyange mgongo, wakamsifu. Nikajua ameenda. Baba akasema taratibu, "Huyo mwacheni, wakwe. Huyo ana peculiar."

Wakarudi nyuma wote! Mmoja akafuta mkono kwenye suruali, akauliza kama inaambukiza. Baba akajibu haiambukizi, iko kwa mmoja tu. Hakusema uongo hata kidogo. Mwiko ulinidondoka kwa kucheka. Wamepewa mtamba mwekundu, mnene kuliko Nyange, wameridhika. Marwa anaoa. Nimecheza peke yangu jikoni kama chizi.

Jumapili, 8 Septemba
Manyunyu tangu asubuhi. Baba amepita zizini, hakukaa. Amesema ndama atakayezaliwa naye ni peculiar yangu. Amelitamka vizuri kabisa. Nikasema asante, baba. Nyange alikuwa anacheua tu.