Unga wa Mwika Umefika Muscat

Jumanne, Mwika

Bado siamini. Mnunuzi wa Muscat alipiga simu ya video leo, akafungua mfuko wa unga wetu wa ndizi nikimwona. Niliogopa. Mzigo wa kwanza, tuliokausha juani, ulimfikia ukiwa na ukungu, akaukataa wote. Huu tumeukausha kwa mashine mpya inayopima unyevu yenyewe.

Akachota, akanusa. "Mkavu kabisa. Nileteeni mwingine."

Mama mkwe, mwenye shamba la ndizi, alikuwa nyuma yangu. "Huyo yuko ng'ambo ya bahari, na anakula ndizi zangu?"

"Ndiyo, mama."

Akaketi chini. Nami nikaketi. Sijui kama migomba yetu itatosha. Tuliitazama tu ile mashine ikinguruma, mpaka ng'ombe wetu zizini walipoanza kulia wakitaka majani.